Dawa ya Kusukutua Ina Siku Zake

Katika maduka ya dawa ya Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, chupa za dawa ya kusukutua kinywa hupangwa rafu moja na dawa za meno, na mnunuzi huzichukua kama anavyochukua sabuni, bila kuuliza chochote. Lakini chupa hizo si za aina moja. Nyingine ni maji yenye floridi na harufu ya mnanaa, ambayo mtu mzima anaweza kuyatumia kila siku. Nyingine ni dawa hasa ya kuua vijidudu, nayo ina kipimo chake na siku ya kuachwa.

Ile ambayo madaktari wa kinywa na meno huiandika zaidi ni klorheksidini. Soma kibandiko, utakuta asilimia 0.2 au 0.12. Chembe zake zina chaji chanya, kwa hiyo hunata kwenye meno, ulimi na fizi, kisha hujiachia kidogo kidogo kwa saa nyingi baada ya mtu kutema. Ndiyo maana mara mbili kwa siku zinatosha. Chukua mililita 10 za ile ya asilimia 0.2, sukutua kwa dakika moja, tema, usimeze, wala usisuuze kwa maji papo hapo. Anayefunga Ramadhani ataona ratiba hiyo inamfaa: mara moja baada ya futari, mara ya pili baada ya daku.

Kunata huko huko ndiko kunakoleta kero. Klorheksidini ikikutana na chai, kahawa au tumbaku huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Huvuruga ladha kwa muda, hata migebuka ikaonekana haina chumvi, na huongeza ugaga. Kwa hiyo hutolewa kwa wiki mbili hivi, mara chache zikafika nne, tena kwa sababu maalumu: fizi zilizovimba na kutoka damu, upasuaji wa kinywa, au mgonjwa asiyeweza kupiga mswaki. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba kile kinachotoa povu katika dawa nyingi za meno huipunguzia klorheksidini nguvu. Piga mswaki, suuza vizuri, subiri nusu saa, ndipo usukutue. Asiyesubiri anatupa pesa. Mara chache sana mtu hupata mzio mkali. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, aache na akimbizwe hospitali.

Halafu kuna kilevi. Listerine ilitengenezwa St. Louis, Marekani, mwaka 1879, ikapewa jina la Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza. Ile ya asili ina kilevi kinachozidi asilimia 20, yaani kuishinda bia mara kadhaa. Huchoma kidonda, wengine huwakausha kinywa, na mtoto akiigida ni sumu. Zipo dawa zisizo na kilevi, na kwa mji wenye Waislamu wengi kama Ujiji, ni heri muuzaji azitangulize hizo. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe dawa ya kusukutua bila agizo la daktari, maana atameza.

Linalonikera zaidi ni watu kusukutua kwa Dettol au spiriti. Hizo ni za ngozi na sakafu. Dettol ikimezwa huunguza koo, na ikipenya mapafuni huweza kuua. Hata iodini iko ya aina mbili: ya kidonda huwa asilimia 10, ya kusukutua asilimia 1. Chupa hufanana, kwa hiyo soma namba.

Kwa nyumba nyingi za Kigoma, cha kuanzia kipo jikoni. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikichemshwa kutoka chemchemi zake kwa karibu miaka 1,500, kwa ushahidi wa wanaakiolojia waliochimba pale, na katika karne ya 19 ilikuwa bidhaa kubwa ya soko la Ujiji. Nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu hutuliza fizi na kusafisha kidonda. Haiui vijidudu kama klorheksidini, lakini haiachi madoa na karibu kila mtu anaimudu. Mwenye shinikizo la damu ateme vizuri.

Maji yenyewe lazima yawe yamechemshwa, hata kama hutayameza. Ziwa Tanganyika linaonekana safi, ila Mei 2015 wakimbizi wa Burundi waliporundikana katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwake, kipindupindu kililipuka na watu wakafa. Na aliyeng'olewa jino asisukutue kwa chochote saa 24 za kwanza: bonge la damu likichomoka, shimo hubaki wazi na maumivu yake hayasemeki. Kesho yake aanze maji ya chumvi, taratibu.

Hakuna chupa inayochukua nafasi ya mswaki. Ukoga ni utando ulioshikamana. Dawa hulowesha juu tu, chini vijidudu vinaendelea kula. Mwenye pesa ya kitu kimoja anunue dawa ya meno yenye floridi, aiache ya kusukutua.

Wala usiitumie kuficha ugonjwa. Uvimbe wa taya wenye homa, jino lenye usaha, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili vinahitaji daktari. Mtoto aliyedhoofu kwa njaa au aliyetoka kuugua surua, akiwa na kidonda cha ufizi kinachonuka na kuenea haraka, huenda ana noma, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Ukiwahiwa, hutibika kwa antibiotiki, lishe na usafi wa kinywa. Ukicheleweshwa hula shavu kwa siku chache. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo.