Mkojo wa saa sita mchana

Ukitaka kujua kama mtoto ana kichocho, usipeleke maabara mkojo wa alfajiri. Peleka wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ikiwezekana baada ya kukimbiakimbia kidogo, kwani huo ndio wakati mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Mara nyingine hata darubini haihitajiki. Mvulana anamaliza kukojoa, anakunja uso, na matone ya mwisho ni mekundu.

Katika jamii kadhaa za Afrika damu hiyo ilichukuliwa kuwa dalili ya kijana kubalehe. Si kubalehe huko. Ni kibofu kinachochubuliwa.

Kichocho cha mkojo ni mwenyeji wa siku nyingi katika ukanda huu wa pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga, Muheza na Pangani hadi Unguja na Pemba. Wapo wanaoiogopa bahari bure. Anayeogelea baharini Raskazone, Tanga, hapati kichocho, kwa sababu konokono anayekibeba ni wa maji baridi, hawezi kuishi kwenye chumvi. Hatari iko bwawani, kwenye mfereji wa mpunga na kwenye kijito kinachojikokota. Mgonjwa akikojoa humo, mayai huanguliwa, vimelea humwingia konokono na kuzaliana ndani yake, kisha hutoka wakati jua ni kali. Ndizo saa zilezile watoto wanapopiga mbizi na mama zao wakifua kanga. Vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hata kama huna mchubuko.

Ndani ya mwili minyoo huweka makazi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume likiwa limemkumbatia jike, kwa miaka 3 hadi 5 na pengine zaidi. Ubaya mkubwa uko kwenye mayai, na kila yai lina mwiba nchani. Yasiyotoka na mkojo hukwama katika ukuta wa kibofu. Ukuta huvimba, hufanya kovu, huvimba tena, na miaka ikipita chembe zake huanza kubadilika. Daktari A. R. Ferguson aliliona jambo hilo mjini Cairo mwaka 1911. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likakiingiza kimelea hiki katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara.

Na sigara yenyewe tusiiruke. Sumu zake huchujwa na figo, zikashinda kibofuni pamoja na mkojo. Duniani, takriban nusu ya saratani za kibofu zinahusishwa na tumbaku. Misri ilipopunguza kichocho, saratani itokanayo nacho ilipungua, lakini ile ya wavutaji ikashika nafasi yake. Aliyetibiwa kichocho akabaki na pakiti mfukoni amefunga mlango mmoja tu.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Shuleni mtoto husimamishwa kwenye mti wenye alama, na urefu wake ndio unaoamua idadi ya vidonge. Ni vikubwa, vichungu, na tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu, kwa hiyo siku hiyo mpe uji au muhogo kabla hajatoka nyumbani. Dawa huua minyoo iliyokomaa lakini haimkingi mtoto akirudi bwawani kesho, wala haifuti makovu ya zamani. Kama hakuna maji mengine ya kuogea, teka ya bwawani bila konokono, uyaache kwenye pipa angalau siku mbili; vimelea vitakufa. Na choo kitumike, hata shambani.

Kampeni nyingi za vidonge hulenga wanafunzi. Kwa maoni yangu, mkulima wa mpunga anayeshinda majini tangu utotoni naye anastahili kukumbukwa.

Ukiwa mtu mzima na umeona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, usisubiri irudi. Mwanamke asikubali kupewa dawa ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kila mara bila kupimwa. Nenda Hospitali ya Bombo, Tanga, au kituo cha afya kilicho karibu, na umwambie daktari kwamba ulikulia kando ya bwawa.