ALIYEINGIA MATOPENI KWA AJILI YETU ASIUGULIE PEKE YAKE

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, asubuhi na mapema ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua kubwa. Matope, mawe na magogo yakateremka hadi katika mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Miongoni mwa walioingia katika matope yale kuwatafuta watu walikuwa askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, bega kwa bega na vyombo vingine vya ulinzi na wananchi wenyewe. Taifa zima liliguswa. Misaada ilifika kutoka kila upande, na baadaye zikajengwa nyumba 109 kwa ajili ya familia zilizopoteza makazi.

Msiba wenye kishindo hauhitaji mpiga mbiu. Lakini yako maradhi yanayokuja kimya kimya, miaka kadhaa baada ya makofi kwisha, na yakamkuta mwokoaji yule yule akiwa amelala chumbani kwake, mkewe akihesabu nauli ya kwenda hospitali. Kwa mtu huyo hakuna lori la misaada. Ni juu ya mgonjwa wa namna hii, awe Mbulu au Hanang, tunapotaka kusemezana Ijumaa ya leo.

HATARI ISIYOONEKANA

Wengi wetu hudhani kwamba hatari ya mzimamoto huisha moto unapozimika. Sivyo. Mwaka 2022, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zimamoto katika daraja la juu kabisa la mambo yaliyothibitika kuwasababishia wanadamu saratani, ikitaja ile ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaofunika mapafu. Mjini New York, wazimamoto 343 walifariki siku ya Septemba 11, 2001. Ilipofika Septemba 2023, wenzao waliofariki baadaye kwa maradhi yatokanayo na vumbi na moshi wa mahali pale walikuwa wamefikia idadi ile ile, 343. Msiba wa siku moja ulijirudia polepole kwa muda wa miaka 22.

Hatusemi kwamba kila mzimamoto anayeugua ameuguzwa na kazi yake. Hilo ni la matabibu. Tunasema kwamba mtu aliyeuweka mwili wake baina yetu na maangamizi ana haki juu yetu mwili huo unapodhoofika. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 32, inatufundisha kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja huhesabiwa kama aliyewahuisha watu wote. Ikiwa hiyo ndiyo daraja yake mbele ya Mola, vipi sisi tumwone kuwa ni mzigo?

Tuutazame mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Katika Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale mkononi akiulinda mji wa Madina. Mtume aliamuru hema la mgonjwa huyo lipigwe ndani ya msikiti, ili apate kumzuru kwa karibu. Majeruhi wa umma aliuguzwa katika nyumba ya umma, mahali ambapo kila mwenye kuja kuswali angemwona na kumkumbuka. Je, misikiti yetu ya leo inao hata mfuko mdogo kwa ajili ya mgonjwa wa namna hiyo?

MWENYE MSHAHARA NAYE HUHITAJI

Watasema baadhi yetu: "Huyo ni mtumishi wa Serikali, ana mshahara na bima." Jibu limo katika Suratul Kahf, aya ya 79, ambamo wenye jahazi baharini wameitwa maskini ilhali walimiliki chombo cha kazi. Kutokana na hapo wanazuoni wameeleza kwamba maskini anaweza kuwa na kitu, ila kitu hicho hakimtoshelezi. Bima hailipi chakula cha anayemuuguza. Haimlipii mwanawe sare za shule, wala haipalilii shamba la mahindi. Mgonjwa aliyeanzia Haydom na kupewa rufaa ya KCMC Moshi au Ocean Road Dar es Salaam hubeba gharama za safari ndefu, tena si safari moja. Akikopa kwa ajili hiyo na akashindwa kulipa, huingia pia katika fungu la wenye madeni lililotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60.

Nasi wa wilaya hizi tusiseme hatuna. Mali yetu nyingi inatembea kwa miguu minne. Mwenye mbuzi 40 wa malishoni waliotimiza mwaka ana zaka ya mbuzi mmoja. Mwenye ng'ombe 30 ana ndama wa mwaka mmoja. Mnyama mmoja aliyefikishwa kwa anayestahiki humwondolea deni la dawa.

Na kama mgonjwa si Muislamu? Hapa kwetu Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mila za wazee tunaishi mlango kwa mlango. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, zaka ya faradhi hupewa Muislamu, lakini mlango wa sadaka uko wazi kwa wote. Mtume (S.A.W.) alikwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia. Nasi tunapopiga simu 114 moto ukiwaka, hatuulizi dini ya atakayekuja.

NAMNA YA KUSAIDIA

Kwanza, tusimwache mgonjwa aombe. Katika Hadithi ya Qabisa (R.A.) iliyopokewa na Muslim, Mtume alitaja miongoni mwa wanaoruhusiwa kuomba mtu aliyepatwa na ufukara, wakashuhudia watu watatu wenye busara katika jamaa zake. Basi kila msikiti uteue watu watatu waaminifu, wamwendee, wajue hali yake, kisha waseme kwa niaba yake. Hivyo heshima yake itahifadhika na mtoaji ataondokewa na shaka.

Pili, picha ya mgonjwa isisambazwe katika simu bila ridhaa yake. Siri ya maradhi ni amana.

Tatu, fedha ziandikwe, zilizoingia na zilizotoka, na hesabu isomwe mbele ya watoaji.

Nne, asiye na fedha ana mikono. Alime, achote maji, amsindikize mgonjwa kliniki, akeshe naye. Uthman bin Affan (R.A.) alibaki Madina kumuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, wakati wa Vita vya Badri, na Mtume akamhesabia fungu sawa na waliohudhuria vita. Anayeuguza naye yumo vitani.

Basi leo baada ya swala, kabla hatujatawanyika, viongozi wa misikiti ya Mbulu, Dongobesh, Haydom, Bassotu na Katesh waulize swali moja: katika mitaa yetu, ni nani kati ya waliotuokoa anayeugua, na lini alizuriwa mara ya mwisho? Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia kule Hanang, na utujaalie tuwe miongoni mwa wenye kulipa wema kwa wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.