Shareef Abdur-Rahim: Nyota Aliyerudi Darasani

Mzazi aliyejaaliwa mtoto mwenye kipaji huwa na mtihani mzito. Mlango wa riziki ukifunguka mapema, amruhusu mwanawe aingie, au amzuie hadi akamilishe masomo? Swali hili halina jibu moja, lakini maisha ya Shareef Abdur-Rahim, Mwislamu wa Marekani, yanatupa mengi ya kuzingatia.

Alizaliwa Desemba 1976 huko Marietta, katika jimbo la Georgia, akalelewa katika familia ya Kiislamu yenye watoto wengi. Mwaka 1995 alijiunga na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, akaichezea timu ya chuo mpira wa kikapu katika nafasi ya mbele. Kwa msimu mmoja tu alifunga wastani wa pointi 21 kwa kila mchezo, na akatangazwa mchezaji bora wa vyuo vya kanda ya Pac-10. Kabla yake, hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyewahi kuipata heshima hiyo.

Mwaka 1996 timu ya Vancouver Grizzlies ya Kanada ilimchagua, akiwa wa tatu miongoni mwa vijana wote waliosajiliwa na ligi ya NBA mwaka huo. Akaondoka chuoni bila shahada, umri wake miaka 19.

Sifa na mali vilikuja upesi, ushindi ulichelewa. Katika miaka mitano aliyokaa Vancouver, timu yake haikushinda zaidi ya michezo 23 katika msimu wowote. Alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000, lakini katika ligi ilimbidi acheze michezo zaidi ya 700 kabla ya kuonja hatua ya mtoano, mwaka 2006, akiwa na Sacramento Kings. Baada ya miaka miwili, goti lilimlazimisha kustaafu. Alikuwa na umri wa miaka 31, na zaidi ya pointi 15,000 nyuma yake.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mwili ulioleta riziki umechoka, makofi yamekoma, na siku zilizobaki ni nyingi. Abdur-Rahim alirudi Berkeley, akaketi na vijana waliokuwa wachanga alipoondoka, na mwaka 2012 akahitimu shahada yake katika elimu ya jamii, miaka 16 baada ya kuiacha. Hakutosheka; akasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Tangu 2019 ndiye rais wa G League, ligi inayowaandaa vijana wanaotamani kuingia NBA.

Enyi akina mama na akina baba, hatusemi kwamba kila kijana aache kipaji akumbatie kitabu, wala kinyume chake. Tunalosema ni kwamba nguvu za mwili ni amana yenye muda wake, na goti moja laweza kuufunga mlango uliofunguliwa na kipaji. Anayepata riziki mapema na aambiwe mapema pia kwamba darasa linamsubiri. Na binti au mwana aliyekatiza masomo kwa ndoa, kwa malezi au kwa kazi, asione haya kurudi. Elimu haina mwisho, na kuchelewa si kukosa.