Kusaga Kunapobadili Zaidi ya Ukubwa

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na neno kusaga katika matini ya sayansi, hulipita bila wasiwasi. Mahindi husagwa yakawa unga, na unga huo ni mahindi yale yale. Katika makala hii tunaeleza kwa nini maana hiyo ya kawaida haitoshi pale kinachosagwa ni oksidi ya metali.

Kifaa kinachotumika ni kinu cha gololi, yaani mtungi mgumu unaotiwa unga pamoja na gololi za chuma au kauri. Mtungi unapozungushwa au kutikiswa kwa kasi, gololi hugongana na kuuponda unga ulionaswa kati yake, pengine kwa saa nyingi. Kwanza chembe huvunjika. Lakini ndani ya chembe mna fuwele, ambamo atomi zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Mapigo huuvuruga utaratibu huo: fuwele hupungua hadi makumi machache ya nanomita, hujikunja na kuingiwa na kasoro. Unga ukipimwa kwa eksirei, vilele vyembamba vya mchoro hufupika na kutanuka.

Tuchukue oksidi ya titani, unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za kuta. Maumbo yake mawili mashuhuri ni anatasi na rutili. Yote mawili yana atomi moja ya titani kwa kila mbili za oksijeni. Kinachotofautiana ni mpangilio. Kwa kawaida anatasi hugeuka rutili ikichomwa kwenye nyuzi 600 hivi za Selsiasi au zaidi. Katika kinu chenye nguvu, mgeuko huo hutokea bila tanuri. Shinikizo la mapigo huweza kuzaa kwanza umbo la tatu, kisha rutili. Kusaga kukizidi, chuma cha gololi nacho humeguka na kuuchafua unga.

Kwa hiyo, mfasiri anayeandika tu kwamba unga "ulisagwa ukawa laini" ameacha nusu ya habari. Anayechanganya chembe na fuwele amepotosha vipimo, maana chembe moja huweza kubeba fuwele nyingi. Sisi tunaofundisha Kiswahili mahali ambapo sayansi husomeshwa kwa lugha nyingine tuna wajibu wa kuzitenga dhana hizi mapema. Tunapendekeza chembe itumike kwa punje ya unga, fuwele kwa mpangilio wa atomi ndani yake, na mgeuko wa umbo kwa badiliko la mpangilio huo.