Kiunganishi ni Dai, Si Pambo

Neno bodaboda lilizaliwa Busia. Waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda walinadi safari ya kutoka boda hadi boda, na jina likabaki hata pikipiki ziliposhika kazi ile. Abiria wa Busia hapandi kabla ya kusema anakokwenda. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa Kiingereza, awe Chuo Kikuu cha Alupe upande wa Kenya au Busitema upande wa Uganda, mara nyingi hupanda kwanza. Huanza sentensi kwa "therefore" au "moreover" kwa kuwa inasikika kisomi, na safari anaitafuta baadaye.

Kila kiunganishi kinatoa dai kuhusu uhusiano wa kauli mbili, na dai hutaka ushahidi. Tuchukue malaria ya Tororo, wilaya ya Uganda iliyosumbuliwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2014 kazi ya kupulizia dawa ya mbu ndani ya nyumba ilianza, na wagonjwa wakapungua sana. Ukiandika "Spraying began in 2014; therefore, cases fell," umetaja chanzo na matokeo. Ukiandika "subsequently" mahali pa "therefore", umetaja mfuatano wa wakati tu. Tofauti hiyo ni nzito, kwa sababu mwaka 2013 kaya za huko zilikuwa zimegawiwa vyandarua vyenye dawa. Aliyechagua "therefore" anadaiwa jibu: amejuaje kuwa ni dawa ya ukutani, wala si chandarua? Akiwa na takwimu za kuvitenganisha, aliandike bila woga. Akizikosa, "subsequently" ndilo neno la haki.

Jozi nyingine inayochanganywa ni "on the other hand" na "on the contrary". Ya kwanza ni "kwa upande mwingine": huweka mambo mawili ubavu kwa ubavu, na yote mawili ni kweli. Reli huvuka mpaka pale Malaba. Busia, "on the other hand", hutegemea barabara. Ya pili ni "kinyume chake", nayo hukanusha. Mtu akidai kwamba kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kimechelewesha malori, unaweza kumjibu: "It has not delayed them. On the contrary, it has shortened the wait." Pasipo na dai la kukanushwa, "on the contrary" haina kazi.

Kosa la tatu tunalibeba kutoka nyumbani. Katika mazungumzo ya Kiswahili husikika, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini mihogo ilikauka." Kiingereza sanifu hakipokei viwili hivyo pamoja: ukiweka "although", acha "but". Hapo hapo Kiswahili kinatupa msaada. "Despite" ni ndugu wa "licha ya", na vyote viwili hufuatwa na nomino. Sikio linalokataa "licha ya mvua ilinyesha" lina sababu ileile ya kukataa "despite it rained". Andika "despite the rain", au "although it rained".

Kwa hiyo, kabla ya kuandika kiunganishi, utamke kwanza uhusiano huo kwa lugha unayoimudu kuliko zote, iwe Kiswahili, Kiteso, Kisamia au Dhopadhola. Je, ni sababu, mfuatano, nyongeza, ulinganisho au ukanushi? Ukishalijua jibu, tafuta neno la Kiingereza linalolibeba jibu hilo peke yake. Kisha lifute, usome tena. Kama sentensi mbili zinashikana zenyewe, liache lifutike. Kama maana imekatika, lirudishe, na uwe tayari kulitetea mbele ya msimamizi wako kama unavyotetea takwimu zako.