Hesabu ya lango la kivuko

Neno "kanuni" tumelipata kwa Waarabu, nao walilitwaa kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa fimbo iliyonyooka ya kupimia. Ndiyo maana mwalimu wa hisabati na hakimu hulitumia neno hilo moja bila kugombana. Je, hesabu yaweza kutufunza lolote juu ya sheria na desturi?

Naam, yaweza. Natuchukue kivuko cha Likoni. Feri imejaa, na abiria 100 wameamriwa wasubiri. Wa kwanza atajipenyeza hata asipotanguliwa na mtu. Wa pili atapita akimwona mmoja. Wa tatu akiwaona wawili. Hivyo hivyo hadi wa mwisho, anayengoja 99 wamtangulie. Wote 100 watavunja amri. Sasa tumbadilishe mmoja tu: yule wa pili naye angoje kuwaona wawili. Wa kwanza atapita peke yake, na 99 watasimama kimya.

Mfano huu asili yake ni Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliyeueleza mwaka 1978 akizungumzia ghasia. Makundi hayo mawili yanatofautiana kwa mtu mmoja, lakini mpita njia angaliita moja la wahuni na jingine la waungwana. Twasema "wengi wape". Hesabu yatuonyesha kwamba wengi hujengwa na mmoja mmoja.

Jambo hili si mchezo wa ubaoni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe ikiwa imepakia kupita kiasi, na watu zaidi ya 270 wakafa. Kikomo cha abiria kilikuwapo, lakini kikomo kisicholindwa langoni ni wino tu. Baada ya msiba kama huo ni rahisi kulaumu tabia za umma. Mfano wetu wadai swali gumu zaidi: ni nani alipaswa kumzuia abiria wa kwanza aliyezidi, na wa pili?

Hapana shaka hesabu ina mpaka wake. Haijui kama aliyejipenyeza alikuwa mkaidi au mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Hukumu hiyo ni ya binadamu. Hata hivyo, walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wangefanya vyema kuwapa wanafunzi zoezi hili, ili wajifunze kuuchunguza umati kabla ya kuutukana.