Wahudumu Waliowahi Kuugua Akili

Kumpa kazi ya kuhudumia wagonjwa wa akili mtu aliyewahi kuugua mwenyewe si jambo jipya. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre jijini Paris, msimamizi Jean-Baptiste Pussin aliajiri wagonjwa waliopona, na daktari Philippe Pinel akausifu utaratibu huo.

Afrika Mashariki, mfano unaojulikana uko Butabika, hospitali ya rufaa ya taifa jijini Kampala. Waliopata nafuu hufundishwa kazi, kisha huwatembelea nyumbani wagonjwa walioruhusiwa. Mhudumu huketi na familia, akauliza kama dawa zinamezwa au zimeachwa kwa kuleta usingizi na mikono kutetemeka, hali ambayo naye huenda anaijua mwilini mwake. Mzazi aliyekata tamaa humwona mtu aliyewahi kulazwa akiwa na kazi, jambo ambalo daktari, kwa elimu yake yote, hawezi kumwonyesha.

Ugumu haukosekani. Mhudumu asiye na msimamizi wa kuzungumza naye huweza kuelemewa hadi akaugua tena. Kwa aliyewahi kuugua lakini akaajiriwa kwa njia ya kawaida, kwa mfano kama ofisa ustawi wa jamii, kuna suala la kusema au kunyamaza kuhusu ugonjwa wake: akisema, kosa dogo ofisini huenda likahesabiwa dalili, akinyamaza, hata ruhusa ya kwenda kliniki huomba kwa kusingizia malaria.